Mikono Inayolibeba Yai la Kifaru

Ovari ya kifaru mweupe iko mbali. Mnyama mwenyewe anakaribia tani mbili, na kinachotafutwa kimejificha zaidi ya mita moja ndani ya mwili wake, nyuma ya ukuta wa utumbo, kando ya mshipa mkubwa wa damu ambao ukitobolewa unaweza kumwua. Mkono wa binadamu haufiki huko. Kumpasua tumbo mnyama wa ukubwa huo ni kumhatarisha kupita kiasi. Na yai lenyewe, baada ya safari yote hiyo, lina upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita.

Tarehe 22 Agosti 2019, katika hifadhi ya Ol Pejeta huko Laikipia, karibu na Nanyuki, Kenya, timu ya madaktari wa wanyama na wanasayansi iliifikia ovari hiyo. Walitoa mayai 10 kutoka kwa vifaru weupe wa kaskazini wawili, Najin na Fatu, matano kwa kila mmoja. Wote wawili wakaamka salama. Haikuwahi kufanyika kabla ya siku ile kwa vifaru wa aina hii, na waliobaki duniani walikuwa ni hao wawili tu, mama na binti yake.

Mengi yaliyoandikwa juu ya wanyama hawa ni maombolezo, na haki yao ipo. Lakini ndani ya kisa hiki mna ufundi ambao haujasifiwa vya kutosha: ufundi wa kulitoa yai mwilini, kulibeba, kulirutubisha, kulilea na kulirudisha, bila yai lenyewe kuhisi kwamba limeondoka. Kila hatua ya elimu hii ya uzazi, kwa mnyama na kwa binadamu, inazunguka jambo hilo moja. Mwili umeliwekea yai joto lake, giza lake, chumvi yake na muda wake. Fundi akikosea kimoja tu, yai halilalamiki. Linakoma tu.

Najin alizaliwa mwaka 1989 na Fatu mwaka 2000, wote katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Czech. Desemba 2009 waliletwa Ol Pejeta pamoja na madume wawili, Sudan na Suni, kwa matumaini kwamba jua na nyasi za Afrika zingewaamshia uzazi. Ndama hakupatikana. Suni akafa mwaka 2014, na Sudan, baba yake Najin, akafa tarehe 19 Machi 2018. Ilikuwa imekwisha kubainika kwamba hakuna kati ya majike hao awezaye kubeba mimba: Najin ana udhaifu wa miguu ya nyuma, na Fatu ana maradhi katika mji wake wa mimba. Kilichobaki kilikuwa mayai yao, mbegu za madume waliokwisha kufa zilizokuwa zimegandishwa, na watu walioamini kwamba mikono inaweza kufundishwa kuziba pengo hilo.

Kazi ya siku yenyewe huanza na watu wasioshika sindano. Watunzaji wa Najin na Fatu, wakiongozwa na Zacharia Mutai, wameishi na wanyama hawa kwa miaka. Wanajua mwendo wao, hasira zao, na sauti ipi huwatuliza. Kifaru aliyeshtuka huingia usingizini akiwa na moyo unaokimbia, na dawa za usingizi zinazotumika kwa wanyama wa aina hii ni kali na hupunguza pumzi. Mnyama aliyetulia mbele ya watu anaowajua ni nusu ya usalama wa operesheni. Ukiwataja wataalamu waliotoka Ulaya bila kuwataja watunzaji hawa, umeanza kusimulia kazi katikati.

Akishalala, saa inahesabu. Uzito wake mwenyewe unabana misuli na mishipa ya fahamu, kwa hiyo hawezi kuachwa hivyo muda mrefu. Daktari wa usingizi anatazama pumzi, oksijeni na mapigo ya moyo. Thomas Hildebrandt na wenzake wa Taasisi ya Leibniz ya Berlin, waliobuni kifaa cha kazi hii na kukijaribu kwanza kwa vifaru weupe wa kusini katika bustani za wanyama za Ulaya, wanaingiza kupitia njia ya haja kubwa chombo kirefu chenye kamera ya altrasaundi na sindano ndani yake. Kwenye skrini ovari inaonekana kama kivuli cha kijivu chenye madoa meusi. Kila doa jeusi ni kifuko cha maji, na ndani ya kifuko huenda mna yai.

Hapo ndipo subira inaanza kuonekana. Sindano inapenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye kifuko kimoja. Maji yake yanavutwa. Kisha kifuko kinajazwa maji mengine yaliyoandaliwa na kuvutwa tena, na tena, kwa sababu yai la kifaru, kama la farasi, hung'ang'ania ukuta na haliachi kirahisi. Kisha kifuko kinachofuata. Mkono unaoendesha sindano uko mbali na ncha yake kwa zaidi ya mita moja, na kutikisika kidogo huku ni kuyumba kwingi kule, jirani na ule mshipa mkubwa wa damu. Anayefanya hivi hana budi kuwa ameshawaangalia vifaru wengi kwa altrasaundi wakati hakuna kilichokuwa kikitafutwa, mpaka picha ile ya kijivu imekuwa ramani anayoijua kwa moyo.

Maji yaliyovutwa hukimbizwa maabara ndogo iliyoandaliwa pale pale hifadhini. Mtu wa hadubini anayamimina katika visahani na kuanza kutafuta. Humo mna damu, mabaki ya seli na mapovu, na mahali fulani mna kitu cha mviringo kilichofunikwa na wingu la seli ndogo. Fundi mzuri hatafuti yai. Hutafuta lile wingu, kwa sababu seli hizo ndizo zilizokuwa zikilisha yai ndani ya ovari, na yai lililotoka pamoja nazo lina nafasi kubwa zaidi ya kukomaa. Ni kama mkulima ahamishaye mche pamoja na udongo wa mizizi yake.

Hapo tena kuna elimu iliyotoka kwa mnyama mwingine. Kifaru na farasi wamo katika oda moja ya wanyama, ile ya wenye kwato za idadi isiyo shufwa, na kati ya wanyama wa oda hiyo ni farasi ambaye maabara zimemzoea. Mafundi wa mayai ya farasi walikuwa wamegundua kwamba yai lisilokomaa linaweza kukaa usiku mzima katika joto la kawaida la chumba bila kuharibika, mradi lisikurupushwe kuanza kukomaa njiani. Yai lililokomaa halivumilii hivyo: nyuzi laini zinazoshikilia kromosomu zake huvunjika likipoa. Kwa hiyo kujua ni lini yai lahitaji joto la mwili na ni lini linaweza kungoja ni sehemu ya ufundi wenyewe. Bila elimu hiyo, mayai ya Laikipia yasingeweza kusafirishwa hadi Italia.

Nayo yalisafiri. Yalipakiwa katika kisanduku chenye joto lisilobadilika, yakabebwa hadi Nairobi, yakapanda ndege, yakafika Cremona, mji wa kaskazini mwa Italia, katika maabara ya Avantea inayoongozwa na Cesare Galli. Galli si mgeni wa mayai magumu. Ni katika timu yake, mwaka 2003, alikozaliwa Prometea, farasi wa kwanza duniani kuzalishwa kwa kunakili seli ya mnyama mzima. Miaka mingi ya kazi na farasi na ng'ombe ndiyo iliyoifanya maabara hiyo iaminiwe kukabidhiwa mayai ambayo hayana mengine ya kuyafidia.

Kati ya mayai 10 ya safari ile ya kwanza, 7 yalikomaa. Kukomaa huko hakuna haraka. Yai huwekwa katika maji yenye homoni na virutubisho, ndani ya kiatamizi, nalo hujipanga upya: hugawa kromosomu zake, hutupa nje nusu katika kijiseli kidogo pembeni, kisha husimama na kungoja. Katika miaka ya 1960 Robert Edwards wa Uingereza alitumia muda mrefu kutafuta ni saa ngapi yai la binadamu huchukua kufika hapo. Wengi walikuwa wamekadiria kwa mfano wa sungura na panya, wakawa wanatazama mapema mno. Edwards alijifunza kungoja, na jibu lilikuwa saa 36 hivi. Elimu yote ya watoto wa maabara ilikuwa imekwama nyuma ya kukosa kungoja kwa saa hizo.

Sasa mbegu. Mbegu za Suni na za Saut, dume mwingine wa kaskazini, zilikuwa zimevunwa na kugandishwa miaka mingi kabla, na hazikuwa nzuri. Nyingi zilikuwa zimekufa, na zilizo hai zilijikokota. Mbegu kama hizi haziwezi kuachwa zijitafutie njia ndani ya kisahani. Zilihitaji mbinu iliyozaliwa Brussels mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale Gianpiero Palermo na wenzake walipochoma mbegu moja moja ndani ya yai la binadamu na kupata mimba, habari waliyoichapisha mwaka 1992. Tangu hapo wanaume wengi walioambiwa hawatazaa wamepata watoto.

Ukitazama mtu anayeijua kazi hii, kwanza utashangaa jinsi anavyotulia. Ameketi mbele ya hadubini, vidole vyake viko juu ya vijiti viwili vinavyopunguza mwendo wa mkono mara nyingi sana. Upande wa kushoto mrija wa kioo wenye mdomo laini unalishika yai kwa mvuto mdogo tu. Akivuta kwa nguvu, yai linapinda. Akilegeza, linageuka. Kabla ya kuchoma, analizungusha yai polepole mpaka kile kijiseli kilichotupwa nje kiwe juu kabisa au chini kabisa, kwa sababu kromosomu za yai hulala karibu nacho, na sindano itakayoingia kutoka kulia isizipitie. Upande wa kulia iko sindano nyembamba kuliko unywele, na ndani yake mbegu moja.

Ngozi ya yai ni tatizo lake lenyewe. Utando wa baadhi ya mayai hunyumbuka: unaisukuma sindano, nao unaingia ndani pamoja nayo bila kukatika, hata fundi asiye mzoefu akadhani amekwisha kuweka mbegu ndani kumbe ameiacha nje, ndani ya mfuko wa utando. Mzoefu hujua kwa kutazama. Huvuta kidogo majimaji ya yai mpaka aone utando umekatika ghafla, kisha huirudisha na mbegu, na kutoa sindano taratibu ili kisivuje kitu. Kwa mayai ya farasi mafundi hutumia kifaa cha piezo, kinachopiga mipigo midogo sana ya mtetemo kwenye ncha ya sindano ili itoboe bila kusukuma. Haya yote hukamilika kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kuyaeleza, na kisha yai linalofuata, kwa utulivu ule ule.

Hatua inayofuata haina mwendo wowote, na kwangu ndiyo inayodai uadilifu mkubwa zaidi: kuliacha. Yai lililorutubishwa huingia kiatamizini, ndani ya giza, kwenye hewa yenye oksijeni kidogo kuliko tunayovuta sisi, kwa sababu ndani ya mwili pia oksijeni ni kidogo. Kila mara mlango unapofunguliwa kuna kinachovurugika. Anayependa kazi yake hutamani kuangalia, na ufundi ni kutoangalia. Kiinitete cha binadamu huchukua siku 5 au 6 kufika hatua ambapo kinaweza kugandishwa au kupandikizwa. Kile cha kifaru kilihitaji siku 10 hivi. Septemba 2019 Avantea ilikuwa na viinitete viwili, vyote vya Fatu. Mayai ya Najin hayakufika. Desemba mwaka huo mayai mengine 9 yalitolewa, yakazaa kiinitete kimoja. Hesabu ilipanda kwa mwendo huo, moja, mbili, na safari zisizo na kitu, mpaka mwanzoni mwa 2024 walipokuwa na viinitete 30.

Kazi ya kutazama kwa wakati wake ina mwanamke mmoja ambaye kila asifuye fani hii anapaswa kumtaja. Jean Purdy alikuwa muuguzi, akajiunga na Edwards Cambridge mwaka 1968 na kujifunza maabara mpaka akawa mhimili wake. Novemba 1977, huko Oldham, ndiye wa kwanza kuona kiinitete cha Louise Brown kikigawanyika, yule mtoto aliyezaliwa tarehe 25 Julai 1978 na kuwa wa kwanza duniani kutungwa maabarani. Mama yake Purdy alipougua na yeye kulazimika kukaa pembeni, kazi ya timu ilisimama mpaka aliporudi. Ubao wa kumbukumbu uliowekwa Oldham haukuwa na jina lake, ingawa Edwards mwenyewe aliandika kuomba liwepo. Purdy alifariki mwaka 1985 akiwa na miaka 39. Mwaka 2010 Edwards alipewa Tuzo ya Nobel. Jina la Purdy liliwekwa kwenye ubao mpya mwaka 2015. Kila maabara ya uzazi duniani leo ina watu wanaofanya kazi yake, na wagonjwa wengi hawajui sura zao wala majina yao.

Kiinitete kilichofika hatua yake kinaweza kusimamishwa. Nitrojeni ya kimiminika iko kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na katika baridi hiyo seli haizeeki. Hatari iko njiani. Maji yaliyo ndani ya seli yakipata nafasi ya kuwa barafu, ncha za barafu hupasua kila kitu. Mbinu ya zamani ilikuwa kushusha joto polepole kwa saa kadhaa ili maji yatoke kwanza, na kwa njia hiyo mwaka 1984 alizaliwa Australia mtoto wa kwanza aliyetokana na kiinitete kilichogandishwa. Mbinu mpya ni kinyume chake: kiinitete huoshwa katika vimiminika vizito vinavyochukua nafasi ya maji, kisha hutumbukizwa ndani ya nitrojeni kwa kasi kubwa mno hata barafu ikakosa wakati wa kujijenga, na kila kitu kikaganda kama kioo. Vimiminika hivyo ni sumu kwa seli zikikaa ndani yake muda mrefu. Katika kile cha mwisho fundi ana dakika moja hivi ya kukinyonya kiinitete, kukiweka kwenye ukanda mwembamba ndani ya tone lisiloonekana vizuri kwa macho, kuondoa maji ya ziada, na kukizamisha. Akichelewa ni sumu, akiharakisha ni barafu.

Afrika Mashariki inaujua ufundi huu kuliko tunavyokubali. Kabete nchini Kenya na Usa River karibu na Arusha, mbegu za madume bora wa ng'ombe zimekuwa zikivunwa na kugandishwa kwa ajili ya uhimilishaji kwa miongo mingi. Mtaalamu anayefika kijijini na mtungi wa nitrojeni kwenye pikipiki yumo katika mnyororo huo huo. Anajua kwamba mrija wa mbegu haupandishwi juu ya shingo ya mtungi zaidi ya sekunde chache, kwamba maji ya kuyeyushia yapimwe joto, kwamba ng'ombe aliyeonekana na joto asubuhi ahudumiwe jioni. Mfugaji anayemngoja pale zizini anaegemea elimu ile ile ambayo Fatu anaiegemea. Na mwaka 2006 walizaliwa Nairobi watoto wa kwanza wa Kenya waliotungwa maabarani, kwa kazi ya Dakta Joshua Noreh na wenzake. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 6 hupitia ugumba katika maisha yake. Kwa hiyo hakuna mtaa wala ukoo usioguswa na kazi hii, iwe inatajwa au inafichwa.

Kiinitete kikishapatikana lazima kirudi mwilini, na kwa vifaru weupe wa kaskazini mwili wenyewe ni wa ndugu zao wa kusini. Lakini jike wa kubebeshwa mimba ni lazima awe katika siku zake sawasawa. Hakuna kipimo cha maabara kinachosema hivyo vizuri kama dume. Timu ikaleta Ol Pejeta dume wa kusini aliyeitwa Owuan, aliyefungwa uzazi, ili aishi na majike na kuonyesha, kwa kumfuata mmoja wao na kumpanda, kwamba wakati umefika. Watunzaji waliangalia na kuandika, na siku kadhaa baadaye kiinitete kikawekwa. Ufundi wa kisasa kabisa ukasubiri neno la mnyama.

Kwa busara, hawakuanza na viinitete vya Fatu. Walianza na vya kusini, ambavyo hasara yake ingevumilika. Walipandikiza mara 13, mara 10 Ulaya na mara 3 Kenya. Tarehe 24 Septemba 2023 jike aitwaye Curra aliwekewa viinitete viwili vilivyotokana na mayai ya jike wa Ubelgiji na mbegu za dume wa Austria. Kisha mvua kubwa zikanyesha Laikipia, zikaamsha ardhini bakteria waliokuwa wamelala, na Novemba Owuan na Curra wakafa kwa maambukizi. Uchunguzi wa mwili wa Curra ulikuta kijusi dume cha siku 70, chenye urefu wa sentimita 6.4, kikiwa kimekua vizuri. Ilikuwa mimba ya kwanza ya kifaru kuthibitishwa kutokana na kiinitete cha maabara. Habari hiyo ilitangazwa Januari 2024, ikiwa na huzuni na ushahidi kwa pamoja: njia yote, kutoka ovari hadi mji wa mimba, inapitika.

Ndama wa kaskazini bado hajazaliwa kwa njia hii. Mimba ya kifaru mweupe huchukua miezi 16 hivi, na kila jaribio hudai msimu wake. Nasema hivi kwa sababu kusifu ufundi bila kutaja umbali uliobaki ni kuudhalilisha.

Kuna hatua moja waliyoichukua ambayo naiheshimu kuliko zote, nayo haikuhitaji sindano. Oktoba 2021 waliamua kumstaafisha Najin. Alikuwa na umri wa miaka 32, alikuwa na uvimbe tumboni, na mayai yake machache hayakuwa yametoa kiinitete hata kimoja. Tangu mwanzo, kila operesheni ilikuwa imepimwa kwanza na Barbara de Mori wa Chuo Kikuu cha Padua na wenzake, wanaoshughulikia maadili ya kazi hii: hatari kwa mnyama iwekwe mezani kabla ya faida kwa aina yake. Uamuzi huo uliigharimu timu mmoja kati ya majike wawili tu waliobaki duniani wa kutolewa mayai. Waliukubali. Fundi anayejua kukomaa kwa yai, kukatika kwa utando na dakika moja ya sumu, lakini hajui lini aache, hajaumaliza uanagenzi wake.

Bila Najin, mama aliyebaki ni Fatu peke yake, na kizazi hakijengwi juu ya jike mmoja. Ndiyo maana macho yameelekea Japani. Mwaka 2016 Katsuhiko Hayashi, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Kyushu, na wenzake walichukua seli za kawaida za mkia wa panya, wakazirudisha kuwa seli shina, wakazilea mpaka zikawa mayai kamili ndani ya kisahani, na mayai hayo yakazaa panya wenye afya nao wakazaa. Desemba 2022 timu yake ilitangaza kwamba imezigeuza seli shina za Nabire, jike wa kaskazini aliyekufa Dvůr Králové mwaka 2015, kuwa seli za mwanzo kabisa za njia ya kuelekea yai au mbegu. Huko San Diego, Marekani, kumehifadhiwa seli za vifaru weupe wa kaskazini 12, zilizokusanywa na watu ambao hawakujua zitatumiwaje. Kati ya seli ya mwanzo na yai lililokomaa bado kuna safari ndefu, na kila hatua yake itahitaji mtu wa kukaa, kutazama na kuandika.

Wapo wanaouliza kama haya yote hayatupi ruhusa ya kuzembea, kwamba tukishaweza kuzalisha wanyama maabarani tutaacha kuwalinda porini. Jibu liko Garamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo. Huko walibaki vifaru weupe wa kaskazini wa mwisho wa porini. Mwaka 1984 walikuwa 15 hivi, wakalindwa, wakaongezeka hadi takriban 30 wenyewe kwa wenyewe, bila hadubini. Kisha vita na majangili wa pembe wakawamaliza katika miaka ya mwanzo ya 2000. Askari wa wanyamapori wenye posho na mafuta ya gari wangefanya kwa gharama ndogo kile ambacho leo kinajaribiwa kwa jasho la mabara matatu. Anayeona jinsi kulivyo kugumu kulirudisha yai moja ataheshimu zaidi msitu na mbuga ambamo mayai hayo hujirudisha yenyewe. Hilo ni funzo la ufundi huu, wala si pingamizi dhidi yake.

Na ufundi haurithiwi kwa kusoma. Madaktari wa wanyama wa Kenya wamekuwa kando ya kila mnyama aliyelazwa Ol Pejeta, na mikono yao sasa inajua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote. Lakini mayai bado yanapanda ndege kwenda Cremona. Vyuo vyetu vya tiba ya mifugo, vituo vyetu vya uhimilishaji na kliniki zetu za uzazi vina watu wenye vidole vitulivu. Wanachokosa ni viti vya kukaa kando ya mabingwa kwa miaka, vifaa vya kufanyia mazoezi kwa mayai ya ng'ombe kutoka machinjioni mpaka mkono ukomae, na mishahara itakayowafanya wasiondoke wakishakomaa. Serikali za eneo letu zikitenga fedha kwa hilo, zitawahudumia kwa pamoja kifaru wa Laikipia, ng'ombe wa mfugaji wa Arusha, na wenzi wanaongoja zamu yao katika kliniki ya Nairobi. Wote watatu wanahitaji mtu mmoja: yule anayeweza kulishika yai nje ya mwili, na likaendelea kuishi kana kwamba halijatoka.